Mawe Meupe ya Bi Sikudhani

Iko nchi moja. Msiniulize iko upande gani wa ramani, maana nikisema mtaanza kutazamana na kukohoa, na mimi sipendi kumkohoza mtu. Inatosha kujua kwamba ni nchi nzuri, yenye milima, mito, na viongozi wengi kuliko mito.

Katika nchi hiyo kila kitu huzinduliwa. Daraja huzinduliwa, choo cha shule huzinduliwa, hata shimo la barabarani likifukiwa huitiwa matarumbeta na kukatiwa utepe. Na kitu kikishakatiwa utepe, kwa sheria za huko, hakiharibiki tena. Si kwamba hakivunjiki. Kuvunjika kinavunjika sana. Ila ukisema kimevunjika utakuwa umesema Mheshimiwa fulani alizindua kitu kibovu, na hilo ni tusi, na tusi lina kifungu chake. Kwa hiyo wananchi huvuka mto kwa kuogelea pembeni ya daraja zima, na maisha yanaendelea.

Huko ndiko alikoishi Bi Sikudhani binti Mwinyikombo, muuza vitumbua, mwanamke mfupi, mcheshi, mwenye utosi bapa. Hakuzaliwa nao hivyo. Ulibonyezwa na ndoo. Alibeba maji ya mama yake, akaolewa akabeba ya mumewe, kisha ya mama wa mumewe, ambaye, Mungu amrehemu, alikuwa anaoga sana. Alipobaki mjane aliapa mbele ya majirani kwamba hafi mpaka aoge maji yanayoshuka yenyewe, ndani ya nyumba yake mwenyewe, mikono yake ikiwa haina kazi nyingine ila kujisugua. Akajenga kitumbua kwa kitumbua, tofali kwa tofali, na paa lilipokamilika akatafuta mtu wa kumwekea mabomba.

Akampata Mhandisi Kitwango. Bwana huyu hakusomea uhandisi mahali panapojulikana, lakini alikuwa na kofia ngumu ya njano, na katika nchi hiyo kofia ndiyo cheti.

"Mama," alisema, akigonga ukuta kwa kidole na kusikiliza kama daktari, "nitakuwekea maji ambayo hujapata kuyaona."

Sasa, watu humsema Kitwango kwamba ni mwongo. Mimi namtetea. Hapo hakusema uongo hata kidogo.

*

Kazi ilipokwisha, kabla Bi Sikudhani hajagusa hata koki moja, alishtuka kuona maturubai yanafungwa uani kwake. Viti vya plastiki vikashushwa, kikundi cha ngoma kikaanza kupasha moto ngozi, na kijana wa vipaza sauti akawa anahesabu moja mbili, moja mbili, kama mtu aliyesahau tatu. Kitwango alikuwa amepeleka habari za bomba lake kwa wakubwa. Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Ponsiano Matandiko, alikuwa anakuja kulizindua.

Siku ile mtaa uling'aa. Asubuhi lilikuja lori likashusha taa ya barabarani, maua ya kwenye vyungu, na zulia la majani mabichi lililokunjwa kama mkeka. Shimo lililokuwa mbele ya nyumba ya jirani, Mama Hidaya, ambalo lilishakula baiskeli mbili na mbuzi, lilifukiwa kabla ya chai. Bi Sikudhani alisimama mlangoni akitazama, akajisemea kwamba kumbe mambo haya yanawezekana.

Mheshimiwa Matandiko alikuwa mtu mnene wa mwili na wa maneno.

"Ndugu wananchi," alisema, "Serikali imedhamiria, kwa dhati, kwa makusudi mazima, na kwa moyo mkunjufu, kuhakikisha kwamba maji, ambayo kwa asili yake ni maji, yanamfikia mwananchi akiwa mwananchi! Wako wasioitakia mema nchi hii waliosema mama huyu hatapata bomba. Je, hili si bomba?"

"Ni bomba!" watu wakaitikia, maana soda zilikuwa bado hazijagawiwa.

Akakata utepe jikoni, akafungua koki, na maji yakatoka. Akakinga bilauri, akanywa, akasema ni matamu. Wanawake wakapiga vigelegele. Juu ya dari, shemeji yake Kitwango, aliyekuwa amelala kifudifudi na jerikani akimimina ndani ya bomba kwa uangalifu mkubwa, akajifuta jasho. Ukutani kikagongomewa kibao cha marumaru chenye jina la Mheshimiwa kwa maandishi ya dhahabu. Jina la Bi Sikudhani halikupata nafasi.

Kesho yake lori lilirudi. Likachukua taa, likachukua maua, likaikunja ile nyasi. Hata kifusi cha shimo kikachotwa, maana kilihitajika kwenye uzinduzi mwingine. Bi Sikudhani hakujali. Alijifunga khanga yake mpya, akaingia bafuni, akafumba macho, akafungua bomba la mvua.

Bomba likashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Basi.

*

Polepole aliijua nyumba yake. Akifungua koki ya jikoni, maji yanamwagika kwenye feni ya sebuleni. Feni ikiwa inazunguka, yanagawiwa kwa usawa makochi yote. Akivuta maji ya chooni, sinki la jikoni linapiga mluzi. Akifungua la bafuni, ni ile pumzi tu. Basi akabuni utaratibu: anafungua jikoni, anakimbia sebuleni na ndoo, anakinga chini ya feni, anajitwika, anaipeleka bafuni. Siku moja katikati ya korido, ndoo utosini, alisimama. Akajiona. Kabeba maji maisha yake yote nje, na sasa anayabeba ndani. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia kidogo, kisha akajifunga kibwebwe akaenda kumtafuta Kitwango.

Alimkuta kwenye kibanda cha kahawa, kofia kichwani.

"Mwanangu, bomba langu bovu."

"Umefungua lipi, mama?"

"La jikoni."

"Maji yakatoka, hayakutoka?"

"Yakatoka. Sebuleni."

"Sasa mama, lalamiko lako nini? Uliniambia unataka maji ndani ya nyumba. Sebule iko nje?"

Wanywa kahawa wakatikisa vichwa kwa heshima. Hoja ilikuwa nzito.

"Kwani wewe kwako ukitaka kunawa unaenda kusimama chini ya feni?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Kwangu mimi sina bomba, mama," alisema Kitwango kwa huzuni ya kweli. "Nani aniwekee? Mafundi wa siku hizi hawaaminiki."

Akaenda ofisini kwa Mkuu wa Jimbo. Karani wa malalamiko alimsikiliza kwa upole hadi alipofika kwenye neno "linavuja", hapo akainuka akafunga dirisha.

"Bibi, hilo bomba lina kibao?"

"Lina."

"Cha marumaru?"

"Cha marumaru."

"Kwa hiyo unakuja hapa, mchana kweupe, kusema Mheshimiwa alizindua bomba linalovuja."

"Mimi Mheshimiwa sijamtaja. Nimesema tu nikinawa mikono makochi yanalowa."

"Ni yaleyale," alisema karani, akashusha sauti. "Sema kitu kingine. Sema kuna unyevu. Unyevu haujazinduliwa na mtu."

Bi Sikudhani akasema kuna unyevu, na ikaundwa kamati ya unyevu.

Kamati ilikuja na miavuli. Ilikuwa kamati ya wasomi watupu, wenye miwani. Walikaa sebuleni wakanywa chai na vitumbua, kisha mwenyekiti akaomba bomba lifunguliwe kwa ajili ya utafiti. Likafunguliwa. Walikaa palepale chini ya miavuli, wakiendelea kunywa chai iliyokuwa inaongezeka kikombeni, wakitazama dari kwa makini. Hakuna aliyetazama jikoni, kwa sababu jikoni kulikuwa na kibao.

"Hii," alisema mwenyekiti hatimaye, "ni mvua."

"Ndani ya nyumba?" aliuliza Bi Sikudhani.

"Mama, nchi yetu imebarikiwa. Mvua hainyeshi mahali pamoja tu. Nakushauri ulime mpunga."

Angekuwa amecheka na hilo kama mambo yangeishia hapo. Lakini kamati haiundwi ili iishie mahali. Ikapendekeza kwamba, kwa kuwa sebule ya Bi Sikudhani inanyesha masika na kiangazi, itangazwe kuwa chanzo cha maji cha taifa, izungushiwe uzio, na binadamu wote wanaoishi ndani ya chanzo waondoke kabla ya mwisho wa mwezi. Zabuni ya uzio akapewa Mhandisi Kitwango.

*

Hapo ndipo Bi Sikudhani aliposhikwa na hofu. Nyumba! Kila tofali alilijua. Tofali za chumbani zilikuwa vitumbua vya Ramadhani, za sebuleni vitumbua vya stendi. Na leo wazungushe uzio, yeye achungulie kwa nje sebule yake ikinyesha.

"Shoga," alimwambia Mama Hidaya, ambaye alikuja kumliwaza na uji wa pilipili manga, "nifanyeje? Nilie?"

"Usijaribu. Ukilia watasema chanzo kimepanuka, watachukua na nyumba yangu."

Wakacheka, maana wangefanya nini. Macho ya Bi Sikudhani yakaangukia lile shimo mbele ya nyumba ya mwenzake, lililorudi na njaa kuliko mwanzo.

"Ulianza kuomba lile lifukiwe tangu lini?"

"Tangu mwanangu Hidaya anatambaa. Sasa anaposwa."

"Na siku ya Mheshimiwa lilifukiwa saa ngapi?"

"Kabla ya chai," alisema Mama Hidaya.

Wote wawili wakalitazama tena lile shimo. Kisha Bi Sikudhani akainuka, akajitanda khanga, akaenda dukani kununua chokaa.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la itifaki za nchi hiyo. Kiongozi akija, mawe ya njiani hupakwa chokaa. Akija mkubwa wa kawaida, hupakwa ya upande mmoja. Yakipakwa ya pande zote mbili, anayekuja ni mmoja tu: Mkuu wa Wakuu mwenyewe, ambaye picha yake imo katika kila ofisi na kila kibanda cha kinyozi. Jambo la pili ni kwamba ziara zake ni siri kubwa, na kila kiongozi anatakiwa awe ameshaijua hiyo siri. Asiyeijua maana yake hakuambiwa, na asiyeambiwa maana yake ameshaanguka. Kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Bi Sikudhani hakusema neno kwa mtu. Alipanga mawe kutoka barabarani hadi mlangoni kwake, akayapaka chokaa kulia, akahamia kushoto. Kisha akafagia uwanja, akakaa barazani kukaanga vitumbua.

Habari zilifika kwa Mheshimiwa Matandiko kabla chokaa haijakauka. Alikuja na gari lake, akapita taratibu, akayaona mawe ya kulia, akatabasamu. Akayaona ya kushoto. Dereva wake anasimulia kwamba alisikia kitu kimekatika, akadhani ni mkanda wa gari, kumbe ni wa Mheshimiwa.

"Bi Sikudhani!" alisema akishuka, suruali kaishika. "Naona mnajiandaa."

"Tunasafisha tu, mheshimiwa."

"Bila shaka. Hata sisi tunasafisha." Akatazama kushoto na kulia. "Tunajua."

"Mnajua nini, mheshimiwa?"

"Kila kitu! Tangu mwanzo! Mimi ndiye wa kwanza kuambiwa." Jasho lilikuwa linamtiririka, na lenyewe lilikuwa linashuka vizuri kuliko maji ya bafuni. "Na huyo... yaani, mgeni akifika, akaketi sebuleni, unadhani atapenda kunawa mikono?"

"Mgeni yeyote akifika hunawa mikono, mheshimiwa. Ndiyo mila zetu."

"Jikoni?"

"Ndiko kwenye bomba lako."

Mheshimiwa Matandiko akamwita Kitwango, aliyekuwa amekuja kupima uzio.

"Mhandisi. Mgeni akifungua bomba jikoni, mpambe wake akiwa amesimama sebuleni na bastola yake na suti yake, maji yatatoka wapi?"

Kitwango akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kuona kipara chake.

"Kichwani kwa mpambe, mheshimiwa."

*

Tatizo lilikuwa moja: bomba halikuwa bovu. Lisingeweza kutengenezwa bila kukiri kwamba liliharibika. Wataalamu wa maneno wakakesha ofisini, na asubuhi ikatangazwa Operesheni Kuupongeza Uzima wa Bomba. Katika kulipongeza, Kitwango aling'oa dari yote.

Bi Sikudhani alikaa juu ya ngazi akimtazama, na hakuamini macho yake. Mtu yule alikuwa anafanya kazi! Alipima mara mbili kabla ya kukata. Alizungusha tepu nyeupe kwenye kila uzi wa bomba, akakaza kwa mkono, akakaza kwa spana, akapitisha kidole kutafuta unyevu, akatikisa kichwa, akafungua, akarudia. Koki alizoleta zilikuwa nzito, za shaba. Alipomaliza alifungua la jikoni, na maji yakatoka jikoni. Feni ikabaki kavu.

Hasira zikampanda Bi Sikudhani hadi kwenye utosi wake bapa.

"Kumbe unajua!"

"Najua nini, mama?"

"Kazi! Unaijua kazi!"

"Naijua, tena sana," alisema Kitwango, ameumia kidogo. "Nani alikwambia siijui?"

"Sasa kwa nini mara ya kwanza ulinifanyia vile?"

Kitwango alimtazama kwa mshangao, wala hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake.

"Lakini mama, mara ya kwanza hukuniambia anakuja mkubwa. Uliniambia utakaa wewe."

Bi Sikudhani akashuka kwenye ngazi. Alimpa kitumbua, akamtoa nje, akafunga mlango, akaingia bafuni. Akafumba macho, akafungua bomba.

Yakashuka. Yalimpiga utosini pale pale ndoo ilipokuwa inakaa, yakagawanyika, yakamteremka mabegani. Alisimama mikono ikining'inia tu, hajui aiweke wapi, maana haikuwahi kukosa kazi. Kisha akaanza kuimba, na Mama Hidaya kwa upande wa pili wa ukuta akamwitikia.

*

Mgeni hakuja siku ile. Wala iliyofuata. Kila asubuhi Mheshimiwa Matandiko alijipanga barabarani na suti yake, ngoma na matarumbeta nyuma yake, na kila jioni aliwaambia watu kwa sauti ya siri kwamba ziara imesogezwa mbele kidogo, "kama mimi nilivyokuwa najua." Hakuna aliyethubutu kusema haipo. Uzio wa chanzo cha maji ukasahauliwa, maana huwezi kumnawisha Mkuu wa Wakuu ndani ya hifadhi. Na Kitwango, kwa amri, alipita kila asubuhi na spana kuhakikisha hakuna koki inayodondosha.

Siku moja Mama Hidaya alikuja akiwa na kopo.

"Shoga, ile chokaa ilibaki?"

Shimo lake likafukiwa kabla ya chai. Kutoka hapo mtaa wa pili ukapaka, wa tatu ukapaka. Walimu wakapaka mawe ya shuleni, paa likaacha kuvuja. Wauguzi wakapaka mawe ya zahanati, na dawa, ambazo zilikuwa hazipo nchini, zikapatikana stoo. Nchi nzima ikawa nyeupe pembeni mwa njia. Watu wakaishi vizuri, wakimngoja mgeni asiyekuja, na kila walipokutana walisalimiana, "Bado hajafika?" "Bado, tunamshukuru Mungu."

Mpaka habari zikamfikia Mkuu wa Wakuu mwenyewe kwamba anakwenda kwa Bi Sikudhani. Akawauliza wasaidizi wake kama ni kweli. Wao nao hawakutaka kuonekana hawajui, wakasema ni kweli, ni Alhamisi. Redio ikatangaza.

Mtaa ulifurahi nusu saa nzima. Kisha Kitwango akapita na spana yake ya asubuhi, akasema kwa adabu zote:

"Mama, Ijumaa nitakuja na lori. Zile koki zinahitajika kwenye ziara nyingine. Na bomba nitalirudisha lilivyokuwa."

Bi Sikudhani alihisi ndoo inamkalia utosini. Alitoka barazani akapiga kelele, na watu wakamiminika: Mama Hidaya kutoka shimoni kwake palipofukiwa, walimu, wauguzi, wanywa kahawa. Mheshimiwa Matandiko naye alikuwa pale pale na tarumbeta zake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Waliinua mikono mbele ya mawe meupe, na Bi Sikudhani akaongoza, nywele zake zikiwa bado zinadondosha maji ya kuoga.

"Ewe Mola, mpe Mkuu wetu afya."

"Amina!"

"Mpe umri mrefu."

"Amina!"

"Mzidishie mialiko. Mfungulie safari, moja baada ya nyingine, na zote ziwe za ng'ambo."

"Amina!"

"Na kila siku, Ewe Mola, mfanye awe anakaribia kufika kwetu. Anakaribia tu."

Amina iliyofuata ilitikisa mabati. Sauti iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya Mheshimiwa Matandiko, ambaye, nimesahau kuwaambia, usiku mmoja alipaka mawe ya kwake pia, maana mabomba ya nyumbani kwake yaliwekwa na Kitwango.